Jogoo wa Mlango wa Kushoto

Jumatatu, 1 Julai 1957

Baridi. Chai bila maziwa. Lakini moyo umechangamka, maana leo nimelitazama koti langu kwa karibu.

Kwa sasa bado ni la Mzee Kivuva, fundi mkuu wetu katika karakana ya Bwana Jivraj, nyuma ya River Road. La kaki, mifuko minne, mmoja wa penseli peke yake! Katikati ya mwezi mzee anarudi Machakos kufuga nyuki, na koti litabaki. Wanaofaa kulirithi ni wawili: mimi, Lazarus Were, na Ephantus Wainaina. Yaani ni mmoja.

Nimeshamwandikia mke wangu Peres, kule Butere, kwamba mimi ndiye fundi mkuu. Si uongo. Ni habari iliyotangulia kidogo.

Asubuhi alikuja mama Mfaransa anayekaa Muthangari, Madamu Pelletier. Ukimwita memsahibu ananuna. Ameleta sanduku lililojaa nyasi, na ndani ya nyasi vigae sita vya udongo uliochomwa, kila kimoja kikubwa kama sinia, vimechorwa na kupakwa rangi inayong'aa kama sahani mpya. Akaeleza, kwa Kiswahili alichofundishwa na mpishi wake, kwamba kwao tangu vita viishe maseremala na wafinyanzi wameshikana mikono. Meza, kabati, hata viti vya sebule, vyote wanavitia vigae vyenye picha. Kahawa ikimwagika unapangusa tu. Anataka kabati la vyombo la mvule, milango miwili, vigae vitatu kila mlango.

Nimeviona. Jogoo wa bluu. Samaki. Mbuzi. Jua lenye pua. Mwezi. Na mwanamke mwenye macho yote mawili upande mmoja wa uso. Nimemhurumia aliyechora, lazima alikuwa anaharakishwa.

Mzee Kivuva atatengeneza mwili wa kabati, kazi yake ya mwisho. Kuhusu milango, Bwana Jivraj alitunyoshea kidole mmoja mmoja: "Were, mlango ya kushoto. Wainaina, mlango ya kulia. Mlango mzuri ndiyo navaa koti. Hapana leta maneno."

Mimi nimepewa jogoo, samaki na yule mama wa macho. Kabati linatakiwa Muthangari Jumamosi ya wiki ijayo, tarehe kumi na tatu.


Jumanne, 2 Julai

Wainaina simwamini. Kila asubuhi hutembea kwa miguu kutoka kwao Muthangari, kipande chake, ile karatasi ya serikali ya ruhusa ya kutembea, mfukoni, na hufika kabla yangu mimi mwenye baiskeli. Mtu wa namna hiyo ana jambo. Leo alisimama mbele ya jogoo wangu akasema ni mzuri sana. Kwa nini amsifu jogoo wa mwenzake?

Nikatumia akili. Alipotoka kuchota maji, nilimchukua jogoo nikamficha ndani ya gunia la maranda, pale kwenye pembe. Nani atatafuta kigae cha Ufaransa ndani ya maranda? Hakuna!

Saa sita tukala. Baada ya kula nikajitupa juu ya gunia nilale kidogo, kama nifanyavyo kila siku kwa miaka minne.

Vipande vitatu. Kichwa, kifua, mkia.

Kosa ni la Wainaina. Asingemsifu, nisingemficha.


Jumatano, 3 Julai

Sikulala vizuri. Lakini nimepata njia! Kule Kibera, karibu na bonde la mto, anakaa mama mmoja Mjaluo, Ajwang, mfinyanzi. Wake wa wafanyakazi wote wanaotoka upande wetu wa magharibi hununua vyungu kwake. Kazi ilipokwisha nikapiga baiskeli mpaka huko na vipande vyangu ndani ya sweta.

Ajwang alivipanga chini, akavitazama, kisha akanitazama mimi. Aliuliza nani amekalia kuku. Nikamwambia ni siri ya kikazi. Tukakubaliana: yeye atafinyanga jogoo mwingine, mimi nitamtengenezea kigoda chenye mgongo. Alikuwa na udongo tayari. Akaupiga, akaulaza, akachora jogoo kwa kijiti huku anasimulia habari za jirani yake. Pembeni mwote akazungusha alama za kidole gumba. Nikasema yule wa Mfaransa hana alama za kidole. Akajibu kwamba basi huyo Mfaransa amesahau.

Kigae kikiwa bado kibichi nikatoa futi yangu nikapima. Inchi kumi na mbili kila upande, kamili kabisa kama cha kwanza. Ajwang akaniuliza ninapima nini na kazi haijakauka. "Wewe, ngoja kwanza. Udongo ikikauka inakonda."

Nilicheka kwa adabu. Mbao najua, miti najua, lakini sijawahi kusikia kitu kinakonda bila kunyimwa chakula.


Alhamisi, 4 Julai

Siku ya ushindi! Nimechimba nafasi zote tatu katika mlango wangu, nikatoboa mpaka upande wa pili. Ya jogoo nimeichimba kwa kipimo cha jana, kumi na mbili juu ya kumi na mbili, pembe kali, hata mbu asingepata pa kupita. Wainaina hajashika hata patasi. Yuko pale anapima kigae kimoja kimoja, pande zote nne, anaandika kwenye karatasi. Anasema vya kuchomwa havilingani. Maskini. Koti litamkimbia.

Bwana Jivraj aliuliza jogoo yuko wapi. Nikasema nimempeleka kuoshwa.


Jumamosi, 6 Julai

Balaa! Barua kutoka kwa Peres. Amefurahi sana kusikia nimekuwa mkuu. Amemwambia baba yake. Baba yake ameliambia kanisa zima. Kanisa limeomba. Sasa Peres na baba mkwe, Mzee Okwemba mwenyewe, wanapanda gari la moshi wafike Jumamosi ijayo asubuhi, waone kwa macho.

Jumamosi ijayo! Tarehe kumi na tatu! Mzee Okwemba ni mzee wa kanisa, mrefu, hacheki. Siku ya harusi yangu aliniuliza mbele ya watu nina mpango gani na maisha. Sijamjibu mpaka leo. Nilikuwa nimetegemea koti linijibie.

Ni lazima nipate koti kabla ya gari la moshi kufika. Ni lazima!


Jumanne, 9 Julai

Manyunyu tangu Jumapili. Ajwang alikausha kigae karibu na jiko lake, na leo asubuhi amekichoma kwa nyasi na mavi ya ng'ombe. Mimi nilitaka kuwapo, akanikataza. Alisema watu wenye haraka wakisimama karibu na moto wake vyungu vinapasuka. Jioni nikaenda kukichukua.

Jogoo mzuri, sikatai. Kifua mbele, jicho la dharau. Nikampaka rangi ya bluu ya baiskeli, mikono miwili ya rangi, vanishi juu yake. Nimemweka juu ya kabati langu chumbani akauke. Kigoda nimekileta, Ajwang amekalia na kusema kinayumba. Kinayumba kwa sababu sakafu yake ni ya udongo.


Jumatano, 10 Julai

Hujuma!

Leo nimemweka jogoo kwenye nafasi yake na akacheza ndani kama punje ya mahindi ndani ya debe. Pengo pande zote! Nikipima nafasi, inchi kumi na mbili. Nikimpima jogoo, kumi na nusu. Nikapima tena. Nikabadilisha futi. Ni yale yale.

Nilikaa chini nikafikiri kama mpelelezi. Jogoo alikuwa kumi na mbili, nilipima mwenyewe. Alikuwa akienea, kwa hesabu, sawasawa. Sasa haenei. Basi nani amepanua mlango wangu? Ni nani hukaa karakana saa ya chakula na kitabu chake cha nyimbo, wakati wengine tunapumzika? Ni nani amenunua patasi mpya juzi?

Kwamba futi inasoma kumi na mbili ile ile, hilo halinisumbui. Mtu mwenye hila kama Wainaina hashindwi na futi.

Naye alikuja akainama kutazama, uso umejaa huruma ya kujifanya. Aliniambia kwa sauti ndogo, Bwana Jivraj asisikie, nizungushe ubao mwembamba pembeni mwa jogoo. Pengo litapotea na mlango utapendeza zaidi. Hata akaninyoshea vijiti vya mvule alivyokwisha piga randa. Nikakataa! Anataka nizibe ushahidi kwa mkono wangu.


Alhamisi, 11 Julai

Mtego. Nimepaka rangi ya bluu kwenye vipini vya patasi zangu zote. Akizigusa tu, mkono utamtangaza.

Saa nne Bwana Jivraj akapiga kelele kwamba Madamu amefika kukagua. Nikakurupuka, nikashika patasi ili nionekane nina kazi. Madamu akaninyoshea mkono. Glovu yake ilikuwa nyeupe.

Alisema si kitu. Bwana Jivraj alisema vitu vingi.

Alasiri nimeziba pengo. Ugali wa jana, gundi ya moto ya kwato, vumbi la mbao. Nimekanda, nimesindilia kwa kidole, nimepiga vanishi. Huwezi kujua! Harufu ipo kidogo, kama ya supu. Jogoo amesimama imara. Mlango wa Wainaina uko tayari pia. Vigae vyake vimekaa ndani ya mbao kama vimezaliwa humo. Nimeutazama kwa muda mrefu nikitafuta kasoro. Nitatafuta tena kesho.


Jumamosi, 13 Julai

Naandika nikiwa nimelala kifudifudi. Mgongo hauwezi kuguswa.

Mpango ulikuwa hivi. Lori lingekuja saa tatu. Wainaina, kama namjua, angetaka kuupanua mlango wangu mara ya mwisho kabla ya lori. Basi mimi niingie ndani ya kabati saa moja na nusu, nijifungie, na patasi yake ikigusa tu mbao nitoke: "Nimekukamata!" Bwana Jivraj anashuhudia, koti navaa, nakwenda stesheni kumpokea baba mkwe nikiwa nimelivaa. Rafu za ndani Mzee Kivuva alikuwa hajazitia, zilifungwa kando. Nafasi ya kunitosha, magoti kidevuni.

Mle ndani kuna joto zuri. Mvule unanukia vizuri pia.

Niliamshwa na sauti. Sauti ninayoijua. Ya mtu mrefu asiyecheka. Ilikuwa inauliza kama hapa ndipo anapofanya kazi fundi mkuu Lazarus Were, maana walimngoja stesheni hadi miguu ikafa ganzi.

Nikajaribu mlango. Kamba! Walikuwa wameshalifunga kabati kwa safari.

Ningepiga kelele. Lakini nifunguliwe nikitoka kabatini mbele ya baba mkwe? Nikanyamaza. Ndipo nikamsikia Wainaina. Aliwakaribisha, akawapa kiti, akasema mwenyeji wao ametoka kidogo kwa kazi. Kisha akasema kazi ya huyo mwenyeji ndiyo hii inapelekwa Muthangari sasa hivi. Wakipenda wapande lori, huenda wakamkuta huko. Unaona hila yake? Anajifanya mwema mbele ya wakwe zangu!

Hamali wanne waliinua. Mmoja akasema mvule wa siku hizi umekuwa mzito. Mwingine akasema huu umekohoa. Lori likaondoka, na sauti za Bwana Jivraj na Wainaina nazo zimepanda. Kila shimo kati ya River Road na Muthangari nimelihesabu kwa kichwa changu. Pale nje ya ubao nikamsikia Peres akimuuliza baba yake kama hakuona nimekonda kwenye ile picha niliyotuma. Nusura nilie.

Tukafika. Nikasikia Madamu, nikasikia mbwa. Mbwa akaja moja kwa moja kwenye mlango wangu. Ananusa. Kisha analamba. Analamba ugali wangu! Nilimfukuza kwa kunong'ona, akazidi. Hamali wakakata kamba, na papo hapo nikasikia kitu kikianguka juu ya zulia. Pu! Mwanga wa mraba ukaingia. Kwenye ule mraba likatokea jicho la mbwa, kisha jicho la Madamu, kisha, polepole kwa sababu ya urefu, jicho la Mzee Okwemba.

Mlango ukafunguka. Nilitoka kwa magoti. Miguu haikukubali kingine. Mkono bado wa bluu.

Nikasema nilikuwa nakagua bawaba kwa ndani.

Bwana Jivraj akashika kichwa. "Were! Miaka ishirini nauza kabati. Leo kwanza naona kabati nazaa mtu!"

Lakini ngoja! Madamu hakunisikiliza. Alikuwa amemwokota jogoo, hakuvunjika hata kidogo, anamgeuzageuza mbele ya dirisha. Akasema huyu siye jogoo wake. Akasema huyu ni mzuri kuliko wake. Akasema yule mwingine amechorwa na mtu aliyewahi kusikia habari za kuku. Huyu amechorwa na mtu anayefuga. Nani amefanya?

Wote wakanitazama. Peres alinitazama. Mzee Okwemba alinitazama.

Nikasema, "Mimi, Madamu."

Ningefanya nini?

Madamu akapiga makofi, akaleta karatasi na penseli, akaomba nimchoree mwingine hapo hapo. Nikachora. Nilichora kwa bidii yote. Bwana Jivraj alidhani ni birika. Mzee Okwemba aligeuza karatasi juu chini, akasema afadhali hivi.

Na ndipo Peres wangu, asiye na hila hata chembe, akashika kigae, akapitisha kidole kwenye zile alama za pembeni. Alifurahi kama amekutana na shangazi. "Hii si mkono ya Lazarus. Hii ni mkono ya mama Mjaluo. Hata sisi sokoni Butere tunanunua vyungu ziko na hii alama."

Wainaina akasema, kwa upole, kwamba huenda ni Ajwang wa Kibera. Hata Ajwang anamjua!

Madamu ameagiza kabati la pili. Vigae sita, vyote vya Ajwang: kuku, ng'ombe, chochote atakachopenda mwenyewe. Mlango wangu wa kushoto umerudi karakana kuzungushiwa ubao mwembamba. Atakayeuzungusha ni Wainaina.


Jumapili, 14 Julai

Kanisani. Tulikaa safu ya tatu. Mzee Okwemba aliimba sauti nzito bila kutazama kitabu.

Tulipokuwa tukirudi nilianza kumweleza kwamba ukubwa wa cheo changu ni jambo linalohitaji kuelezwa kwa utaratibu. Akaniacha nieleze kutoka kanisani mpaka Kaloleni, mlangoni pangu. Kisha akasema mafundi wakuu anaowajua yeye hukaa mbele na dereva.

Niliona aibu, sitaficha. Aibu kamili, ya kuchoma masikio. Peres alinishika mkono, ule wa bluu, akasema yeye hakuja kuona koti, alikuja kuniona mimi. Akaongeza kwamba mlango wangu, ukiacha ugali, umenyooka. Mzee Okwemba akakohoa. Akasema ni kweli, umenyooka. Nadhani hiyo ilikuwa sifa. Kutoka kwake ni kama sikukuu.

Nimewaahidi wote wawili kwamba tangu leo ni kazi safi, hakuna njia za mkato.


Jumatatu, 15 Julai

Wamepanda gari la moshi. Peres alipunga leso mpaka kona.

Wainaina amevaa koti. Linamkaa vizuri, jambo ambalo halikuwa na lazima. Kitu cha kwanza alichofanya kama mkuu ni kunipa mimi milango yote miwili ya kabati la pili. Yote! Bwana Jivraj aliguna, Wainaina akasema mkono wa Were kwa pembe ni mzuri kuliko wake. Kinachotakiwa ni Were asikate mbao mpaka Ajwang amalize kuchoma. Kwanza moto, ndipo msumeno. Alirudia mara mbili. Nikaitikia mara mbili.


Jumatatu, 22 Julai

Nimefikiri sana.

Ajwang anasema ningoje. Peres, katika barua yake iliyofika Ijumaa, anasema ningoje, hata mama yake akikata kifuniko cha chungu hungoja kwanza chungu kichomwe. Wainaina anasema ningoje. Watu watatu, maneno yale yale! Hayo si mashauri, ni njama. Wanataka nichelewe, Wainaina aseme Were ni mvivu, koti limzoee kabisa.

Basi Jumamosi baada ya kazi nilikwenda Kibera. Ajwang alikuwa ametoka kuchota maji. Vigae sita vilikuwa vimelala kivulini, vibichi, vimetoka mkononi mwake asubuhi ile. Kuku, ng'ombe, kobe, na mwanamume mmoja anayetoka kabatini, sijui amemtoa wapi. Nikatoa futi. Kumi na mbili, kumi na mbili, kumi na mbili. Vyote sita!

Leo nimechimba nafasi zote, kumi na mbili kamili, pembe kali. Nimemaliza kabla ya Wainaina kutoka kunywa chai. Kabati litakuwa tayari wiki moja kabla ya siku yake, na Bwana Jivraj atajionea mwenyewe nani anafaa kuvaa kaki. Nimeshamwandikia Mzee Okwemba aliambie kanisa.

Na kuhusu ile hujuma, safari hii sina wasiwasi. Milango yote miwili nimeifungia ndani ya stoo, na nimenunua kufuli. Ufunguo ninao mimi shingoni. Tuone Wainaina atapanulia wapi.